Farasi hufundishwa ngazi kwa ngazi



Leo nitasema juu ya farasi. Hapa kwetu farasi ni wachache, maana wale inzi waletao ugonjwa wa usingizi huwaua. Lakini mafundisho ya farasi yanafaa kila mtu anayetaka ngombe wake wakokote jembe. Sikilizeni vizuri.

Huko Bulaya kuna mchezo unaoitwa dresaji. Si mchezo wa mbio, wala wa kuruka miti. Farasi na mpanda wake wanaingia katika uwanja wa mchanga, urefu mita 60, upana mita 20. Waamuzi wanatazama kila kazi na kutoa alama, toka 0 mpaka 10. Mpanda hasemi neno. Anamwonyesha farasi kwa miguu yake, kwa kiuno, na kwa kamba za mdomoni.

Mchezo huu una madaraja kama masomo ya watoto. Kwanza farasi anajifunza kwenda sawasawa, kutembea, kukimbia kidogo, na kuzunguka duara kubwa la mita 20. Halafu duara la mita 10, na kwenda upande, mguu mmoja ukipita mbele ya mwingine. Kisha anajifunza kubadili mguu unaotangulia, katikati ya mbio. Daraja la juu linaitwa Grand Prix: farasi anakimbia pale pale bila kwenda mbele, tena anabadili mguu kwa kila hatua, mara 15 mfululizo. Farasi asiyefika miaka 8 hana ruhusa kuingia daraja hilo. Kwa nini? Maana mgongo na miguu yake lazima vikomae kwanza.

Farasi gani anafaa? Kwa madaraja ya chini, karibu kila farasi mzima anaweza. Kwa madaraja ya juu anatakiwa mwenye mgongo wa nguvu, miguu isiyo na kilema, mwendo mzuri, na moyo wa utulivu. Katika mji wa Vienna, Austria, wako farasi waitwao Lipizzaner. Huzaliwa weusi au kahawia, nao hugeuka weupe wakikua. Wanaanza masomo wakiwa na miaka 4 hivi, na masomo yanakwisha baada ya miaka mingi.

Je, kazi hii ni ya mabavu? Hapana. Lis Hartel, mwanamke wa Denmark, alipata ugonjwa wa kupooza mwaka wa 1944. Toka magoti kwenda chini miguu yake haikuwa na nguvu tena. Watu walimsaidia kupanda na kushuka. Lakini mwaka wa 1952, kule Helsinki, yeye na farasi wake Jubilee walipata medali ya feza.

Sasa turudi nyumbani. Mtu ananunua ngombe wawili kwa feza aliyopata mashimoni. Ana haraka: leo nira, kesho jembe zito, kesho kutwa fimbo. Ngombe analala chini, anakataa kazi, na feza ya miaka imepotea. Usifanye hivyo. Kwanza kamba na jina lake. Kisha nira bila mzigo. Kisha gogo dogo. Mwisho jembe. Asipojua ngazi moja, usimpandishe ingine.