Sakafu ya Ghorofa Yenye Uwazi Ndani: Mazungumzo na Wakazi wa Kata

Wapo wenye nyumba ambao wakigonga sakafu ya ghorofa kwa nyundo na kusikia mlio wa uwazi, humshuku fundi kuwa ameiba saruji. Mlio huo peke yake haumtii fundi hatiani, wala haumwondolei hatia. Huenda ndivyo mhandisi alivyochora.

Zege lina uzito wa takribani kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Sakafu iliyojazwa zege lote, yenye unene wa milimita 150 katika chumba cha mita 4 kwa 4, hukaribia tani 6 kabla ya kuingizwa hata kitanda. Uzito huo huelemea mihimili, nguzo na msingi. Sakafu inapobeba mzigo, upande wake wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Zege huvumilia sana kubanwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Kazi hiyo huachiwa nondo. Hivyo sehemu kubwa ya zege la chini ni mzigo kuliko msaada. Badala yake hupangwa safu za tofali zenye matundu, na kati ya safu huachwa mifereji ya kulaza nondo. Zege likimwagwa, mifereji hiyo huwa mihimili myembamba, na juu yake hutandazwa tabaka la zege.

Hapo ndipo penye hatari. Uzima wa watu umo katika mihimili hiyo michache. Fundi bomba atoboaye njia ya choo bila kutazama mchoro aweza kukata nondo ambayo haina mwenzake wa karibu wa kupokea mzigo, na plasta ikaficha jeraha siku ileile. Bomba lipite penye tofali, na nafasi yake iamuliwe kabla ya kumwaga zege. Ukuta usiomo mchoroni usijengwe juu ya sakafu hiyo.

Mirunda nayo isiondolewe kwa sababu tu mwenyewe anaidai. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa likiwa na siku 28. Ruhusa ya kuiondoa ni ya mhandisi.

Baada ya ujenzi, mwenye nyumba atunze mchoro wa nondo pamoja na kibali. Atakayetoboa sakafu miaka kumi baadaye huenda asiwe fundi aliyeijenga.