Jeki Huinua, Stendi Hushika

Hotuba kwa wenye motokaa na mafundi wa Dagahaley



Katika lugha ya Kisomali neno dhagax maana yake ni jiwe, na jina la Dagahaley maana yake ni mahali penye mawe. Walakini mtu atembeaye huko hukanyaga mchanga mara nyingi zaidi kuliko mawe. Mambo hayo mawili, jiwe na mchanga, yamhusu sana kila mtu mwenye motokaa. Jiwe ndilo ambalo watu hulitia chini ya motokaa iliyoharibika, na mchanga ndio ambao jiwe hilo hukaa juu yake. Vyote viwili vyaweza kumsaliti mtu aliyelala chini ya motokaa hiyo.

Dagahaley ilianzishwa mwaka 1992, nayo ni mojawapo ya kambi tatu za kwanza za Dadaab, pamoja na Ifo na Hagadera. Kutoka Dadaab hata mji wa Garissa ni mwendo wa kilomita mia moja hivi. Kwa hiyo si ajabu kuona mwenye Probox ya kubeba abiria, au mwenye Land Cruiser ya kubeba mizigo, akiitengeneza motokaa yake mwenyewe uani kwake, ndani ya ua wa miiba. Kujitengenezea si aibu. Ni akiba ya fedha na ni maarifa. Lakini mtu aingiaye chini ya motokaa ameweka kifua chake chini ya chuma chenye uzito wa tani moja, au mbili, au zaidi. Hapana budi ajue ni kitu gani kinachokizuia chuma hicho kisimwangukie.

KAZI YA JEKI NA KAZI YA STENDI

Watu wengi hudhani ya kuwa jeki yatosha. Sivyo. Jeki ni chombo cha kuinulia tu. Jeki ya mafuta hubeba uzito wote juu ya mafuta yaliyofungiwa ndani ya silinda, na mafuta hayo huzuiwa na mpira mdogo. Mpira ukichakaa, au vumbi likiukwaruza, mafuta hupenya na jeki hushuka. Pengine hushuka polepole, pengine ghafula. Tena joto hufanya mafuta kuwa mepesi, na mafuta mepesi hupenya upesi zaidi. Mahali penye vumbi na jua kali, mambo hayo mawili hukutana kila siku. Jeki ya skrubu haina mafuta, lakini kitako chake ni chembamba, na motokaa ikisogea kidogo tu jeki hulala ubavu.

Stendi ni kitu kingine. Ni chuma chenye miguu mitatu au minne iliyotanuka chini, na juu yake pana mlingoti wenye kichwa cha kupokea motokaa. Haina mafuta ya kuvuja, na kitako chake ni kipana. Basi sheria ya kwanza, ambayo mwenye motokaa yafaa aiweke moyoni, ni hii: jeki huinua, stendi hushika. Mtu asiingize hata mkono chini ya motokaa inayoshikwa na jeki peke yake.

JINSI YA KUCHAGUA STENDI

Mnunuzi na atazame kwanza uzito ulioandikwa katika stendi. Uzito huo huandikwa kwa tani. Lakini yampasa kusoma kwa uangalifu, kwa maana stendi nyingine tani zake ni za stendi moja, na nyingine ni za stendi mbili zikitumiwa pamoja. Kama haikuelezwa, na ahesabu ya kuwa ni za mbili pamoja. Hapo hatakosea kwa kujihatarisha.

Probox ina uzito wa tani moja na kidogo. Land Cruiser tupu hupita tani mbili. Na mara nyingi haiwi tupu! Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo pipa moja la lita 200 ni kilo 200. Mwenye busara hushusha mizigo yote kabla ya kuinua. Kwa motokaa ndogo, stendi mbili za tani mbili zatosha. Kwa Land Cruiser, yafaa kununua za tani tatu au zaidi, tena zilizo ndefu. Stendi fupi humshawishi mtu kuipandisha juu ya matofali ili ifike, na hilo ni kosa kubwa.

Ziko aina mbili. Ya kwanza ina meno katika mlingoti wake, na ulimi wa chuma huingia katika jino na kuushika. Ya pili ina matundu, na pini nene ya chuma hupita toka upande huu hata upande wa pili. Aina ya meno ni ya upesi. Aina ya pini ni ya taratibu, lakini mtu huona kwa macho yake kama pini imeingia. Pini ikipotea, isibadilishwe kwa msumari wala kwa boliti iliyookotwa.

Hata stendi mpya si ya kuaminiwa kwa upofu. Mwaka 2020, huko Marekani, kampuni ya Harbor Freight Tools iliwataka watu warudishe stendi zaidi ya milioni moja za aina ya meno, kwa sababu katika baadhi yake ulimi haukuingia sawasawa katika jino, na stendi yaweza kushuka ikiwa na mzigo. Na katika zile zilizotolewa badala yake, baadhi zilionekana kuwa na kasoro ya kuchomelewa. Basi mnunuzi wa Garissa au wa soko la Dagahaley na afanye uchunguzi wake palepale dukani. Atazame kama mahali palipochomelewa pana ufa, kama miguu imepinda, kama meno yamelika, kama kutu imekula chuma. Stendi iliyoundwa kwa mabomba na fundi wa mtaani yaweza kupendeza macho, lakini kama hakuna ajuaye inabeba tani ngapi, si ya kulala chini yake.

JIWE NA TOFALI

Jiwe halina uso ulio sawa, nalo hubingirika. Tofali la saruji ni la hatari kuliko jiwe, kwa sababu huonekana imara. Saruji huvumilia uzito ulioenea, lakini chuma chembamba kikikandamiza mahali pamoja hupasuka bila kutoa onyo lolote. Asiyekuwa na stendi na atumie magogo mazito ya mbao ngumu, yaliyokatwa sawa na kupangwa kwa kupishana, mawili yakienda huku na mawili yakienda kule, na msingi wake uwe mpana. Kama hana hata hayo, heri angoje siku nyingine.

MCHANGA NA MGUU WA NGAMIA

Mfugaji yeyote ajua ya kuwa ngamia ni mzito kuliko mbuzi mara nyingi, lakini hazami mchangani. Sababu ni wayo wake mpana, ambao huueneza uzito. Stendi, kinyume chake, ina ncha ndogo za miguu, nazo huchimba mchanga. Mguu mmoja ukizama kuliko mingine, stendi huinama, na motokaa huifuata.

Dawa yake ni kuipa stendi wayo wa ngamia. Chini ya kila stendi na pawekwe ubao mnene na mpana, au bamba la chuma nene, linalotokeza nje ya miguu pande zote. Jeki nayo iwekewe ubao wake. Kwanza mchanga uliolegea uondolewe, na ardhi ipigwe mpaka iwe ngumu na sawa. Baada ya mvua za Gu au za Deyr, uso wa ardhi waweza kukauka na chini yake kukabaki laini. Wakati huo yataka uangalifu zaidi.

UTARATIBU WA KAZI

Motokaa isimamishwe mahali tambarare, na gia iingizwe. Breki ya mkono ifungwe. Lakini ikumbukwe ya kuwa katika motokaa nyingi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma tu. Nyuma ikiinuliwa, breki hiyo haina kazi tena. Kwa hiyo magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari mbele na nyuma.

Nati za magurudumu zilegezwe kidogo wakati motokaa ingali chini. Kisha jeki iwekwe mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha motokaa. Stendi ziwekwe chini ya ekseli, au chesisi, au mahali palipoimarishwa na watengenezaji. Zisiwekwe kamwe chini ya karai la oili, wala giaboksi, wala bati la sakafu. Stendi mbili ziwe na kimo kimoja. Jeki ishushwe polepole mpaka uzito wote ukae juu ya stendi, na fundi atazame kama ulimi au pini imeingia barabara.

Sasa, kabla mtu hajaingia chini, motokaa isukumwe kwa mikono toka ubavuni. Kama itaanguka, na ianguke wakati huo, ambapo hapana mtu. Ikisimama imara, jeki irudishwe iguse kidogo tu, na gurudumu lililotolewa lilazwe chini ya chesisi. Hiyo ni kinga ya pili na ya tatu: stendi ikikosa, gurudumu litapokea.

Watoto na mbuzi wawe mbali. Injini isiwashwe. Nati iliyoshika kwa kutu isivutwe kwa nguvu zote na mtu aliye chini, kwa kuwa mvuto huo huitikisa motokaa. Wala mtu asifanye kazi hii peke yake. Ikitokea ajali, wenziwe wasimvute aliyekandamizwa. Waiinue motokaa kwa jeki, waitegemeze, ndipo wamtoe na kumpeleka hospitali upesi, na wawaambie waganga amekandamizwa kwa muda gani.

GHARAMA

Patakuwa na mtu atakayesema ya kuwa stendi ni ghali. Lakini wanaotengeneza motokaa katika mtaa mmoja hawatengenezi wote siku moja. Wanaojua kuchanga ayuuto kwa ajili ya biashara na arusi waweza kuchanga vivyo hivyo kununua stendi mbili na mbao zake, zikakaa kwa mtu mwaminifu na kuazimwa kwa zamu. Kila anayezirudisha aeleze kama ameona ufa au meno yaliyolika, ili zisiende kwa mwingine zikiwa na hila.

Watu wa kale walisema, tahadhari kabla ya athari. Kupanga mbao, kutia kabari na kuweka stendi ni kazi ya dakika chache. Afanyaye hivyo atatoka chini ya motokaa yake akiwa na grisi mikononi, akanawe, na kula chakula cha jioni pamoja na watoto wake.