Insha ya Kiingereza na Macho ya Mtoto

(Hotuba ya mwalimu mmoja, iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanachama)

Nimesimama kunena juu ya insha ya Kiingereza, hasa ile ya kueleza kitu jinsi kilivyo. Nasikia ya kwamba Halmashauri yataka kutoa sehemu ya fedha za masomo inunue vijitabu vya misemo ya Kiingereza, watoto wavikariri. Nimekuja kuomba fedha hizo zisitumiwe hivyo.

Jambo lenyewe si dogo. Katika mtihani wa kidato cha nne, karatasi ya tatu ya Kiingereza ina alama 60, na insha ya kubuni peke yake huchukua 20. Katika mtihani wa darasa la nane, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ilikuwa na alama 40 na mtoto alipewa dakika 40. Hivyo kwa miaka mingi watoto wetu wamefunzwa kukimbia, na mwenye kukimbia hubeba kilicho tayari.

Nimesahihisha insha nyingi. Mtoto wa Siakago, ambako ukame ni jambo la kila mara, huanza kwa kusema jua lilikuwa likitabasamu na ndege wakiimba nyimbo tamu. Mtoto wa Nkubu huandika vivyo hivyo, neno kwa neno, na wa Maua pia. Siwacheki. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi niliandika juu ya soko kwa maneno ya kuazima, hata nikatia sokoni humo matunda ambayo sijayaonja mpaka leo. Nilipata alama 7 katika 20, na mwalimu akaandika kando swali moja: "Soko hili liko wapi?" Siku ile nilikasirika sana.

Chukueni mfano wa miraa. (Sisemi kama ni njema au mbaya, hilo lina mkutano wake.) Mtoto wa Igembe ameona tangu utotoni jinsi vijiti vinavyochumwa, vikafungwa vibunda, vikaviringishwa katika majani ya mgomba visinyauke, kwa maana baada ya siku mbili hivi nguvu yake huwa imepungua sana. Ameona magari yakikimbilia Nairobi. Sasa akiandika kwamba watu walikuwa na haraka sana, hajatuonyesha kitu. Lakini akiandika kwamba mfungaji hakuinua macho aliposalimiwa, kwamba kamba aliishika kwa meno huku mikono ikitafuta kibunda kingine, na kwamba dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari, msahihishaji aliyeko mbali ataiona haraka ile bila kuambiwa. Tena Kiingereza chake si kigumu: vitenzi vya kushika, kufunga na kuwasha, mtoto wa sekondari anavyo.

Watoto hupenda pia kuandika juu ya ajali, na damu yao hutiririka kama mto. Sisi tuipitao barabara ya Embu na Meru twalijua bonde la Nithi, ambako mwezi wa Julai 2022 basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Mwanafunzi wangu mmoja hakutaja damu hata kidogo. Alieleza harufu ya breki zilizopata moto na jinsi abiria walivyonyamaza mteremkoni. Nilimpa alama 16.

Mzazi ataniuliza, "Mimi sijui Kiingereza, nitasaidiaje?" Nyanya aliyepotelewa na ng'ombe huko Mbeere hutaja rangi yake, pembe iliyopinda, sikio lililochanika na mwendo wake, na jirani asiyemjua ng'ombe huyo humtambua njiani. Kama angesema tu "ng'ombe mzuri sana", angelala na zizi tupu. Basi jioni mwulizeni mtoto, kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere, ameona nini njiani, wala msikubali jibu la "vizuri". Kisha na aandike mistari kumi ya Kiingereza juu ya jambo hilo hilo. Nyakati za vitenzi na tahajia ni kazi yetu walimu.

Wala sikatazi mifano. Mtu akitaka kusema kitu ni cheupe kama theluji, na aseme, mradi ameitazama kileleni mwa Mlima Kenya asubuhi kabla ya mawingu, akaona jinsi ilivyopungua.

Ombi langu ni kwamba fedha zile zinunue daftari moja kwa kila mtoto, na zilipe nauli ya walimu wawili wa kusahihisha kila Jumamosi. Naomba Bwana Mwenyekiti apige kura ya jambo hili kabla ya chakula, maana mwaka jana baada ya chakula hatukutimia hesabu.