Kodi ya malupango yasiyouzwa



Sheria ya 1969 ilitoza kodi ya udongo usiojengwa kwa kufuata cheo cha mji, haikutazama maji wala barabara. Basi tajiri akikata malupango 100, akauza 20, yale 80 ni majani matupu, lakini katika karatasi ya kodi ni sawa na lupango lenye bomba. Mzigo huo tunaubeba sisi wanunuzi, ndani ya bei.

Tunataka hivi: pasipo barabara na maji, udongo uhesabiwe kama shamba. Vikifika, kila lupango lilipe kodi ya mji, hata lisilouzwa, ili tajiri asikalie udongo akingoja bei ipande.

Katiba ya 2006 iliweka kodi hii mkononi mwa jimbo. Tuwaambie wajumbe wetu wa jimbo, kwa sauti moja.