Mkopo wa Elimu ya Juu Baada ya Kufutwa Asilimia 6



Ndugu zetu katika imani, tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza kazi mwaka 2005, maelfu ya vijana wa Tanzania wamesoma kwa fedha zake. Miongoni mwetu wako walioikwepa, nasi hatuwalaumu. Kwa miaka kadhaa deni liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Jina zuri halihalalishi nyongeza; sisi tuliiita riba.

Mei Mosi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo. Hata hivyo tungali tunasikia wazazi wakiwazuilia watoto wao kuomba, kwa fatwa ya nyongeza isiyokuwapo tena.

Limebaki lililo zito zaidi, nalo ni kulipa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Aliyejiajiri hulipa kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo imani hupimwa. Mtume (S.A.W.) alijizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolibeba. Anayejificha basi asidhani ameikwepa Bodi peke yake.

Tena mkopo wa wengi haukidhi gharama zote, na wapo wanaoacha chuo mwaka wa mwisho kwa upungufu mdogo wa ada. Zaka ya misikiti yetu iwafikie hao kabla ya mitihani, si baada ya majina yao kufutwa.