Nasaha kwa Wenye Magari: Pima Kwanza, Nunua Baadaye



Mazungumzo yetu yanahusu gari linalotetemeka pale dereva anapoongeza mwendo. Wengi wetu tukipatwa na tatizo hilo huvuka bahari hadi Dar es Salaam, tukaelekea Kariakoo na Gerezani, ambako maduka ya vipuri na mafundi wamepakana. Vipuri vipo. Lakini mwenye duka humuuzia mtu alichokiomba; si kazi yake kujua kama hicho ndicho kilichoharibika. Aliyekosea hulipa mara mbili, na mkaazi wa Visiwani huongeza nauli ya boti.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, hakikisha kwanza kuwa nati za magurudumu zimekazwa. Kisha gari lipimwe kwa njia tatu.

Kwanza, gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa, kanyaga mafuta taratibu. Likitetemeka hapo hapo, anza na injini: huenda plagi haichomi sawasawa, au raba zinazoishikilia injini zimechakaa. Magurudumu hayahusiki, kwani hayazunguki.

Pili, katika barabara iliyo wazi, wala si katika msongamano wa Mtaa wa Msimbazi, ongeza mwendo hadi mtetemo ujitokeze, kisha inua mguu. Ukitoweka mara moja, ilhali gari bado lina mwendo ule ule, chunguza vyombo vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, aghalabu ni jointi ya ndani ya shafti. Kwa linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, tazama krosi za propela. Raba za injini nazo zikaguliwe tena, kwani nyingine hudhihirisha ubovu wake gari linapobeba mzigo tu.

Tatu, mtetemo ukiendelea hata baada ya kuinua mguu, na ukaja kila gari lifikapo mwendo fulani, shuku magurudumu: tairi lililovimba au lisilo na mizani, ama rimu iliyopinda. Ukija wakati wa kufunga breki tu, kaguliwe diski.

Jambo hili si la fedha peke yake. Krosi iliyochakaa mno huweza kukatika, propela ikaanguka barabarani na gari limejaa abiria. Mtetemo unaozidi siku hadi siku usizoelewe.

Mwisho, mweleze fundi mtetemo huja wakati gani na huondoka wakati gani. Nendapo dukani, chukueni kipuri cha zamani pamoja na namba ya chasisi, mkilinganishe na kipya kabla ya kutoa fedha.