Gogo la Mti Mgumu Lililoanguka: Lini Liwe Kuni?

Mwenyekiti, wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji, na akina mama mnaopika kwenye shughuli: hapa Kilwa niliwahi kukuta kiini cha mpingo kikiungua chini ya sufuria la pilau. Mti ulikuwa umeangushwa na upepo, wenye shughuli wakauona, wakaukata. Hadi leo linaniuma.

Mpingo huchukua miaka 60 na zaidi kukomaa. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1,200 hivi, ndiyo maana kipande chake huzama majini. Kiini hicho cheusi ndicho kinachochongwa vinyago vya Kimakonde na kutengenezwa klarineti. Mwaka 2009 misitu ya baadhi ya vijiji vya wilaya hii ilipata cheti cha uvunaji endelevu cha shirika la kimataifa la misitu, FSC, kwa hiyo kiini kinachoteketea jikoni ni fedha ya kijiji.

Mti kuanguka si kuoza. Mchwa watakula tabaka jeupe la nje, kiini cha mpingo kitawashinda, na gogo litalala msituni miaka kadhaa likiwa zima ndani. Kabla ya shoka, basi, aitwe mchongaji au fundi seremala aligonge na kulikagua, na serikali ya kijiji itoe kibali. Gogo lenye uwazi wanamoishi nyuki liachwe palepale.

Matawi, vipande vilivyopasuka, na miti kama mkwaju na mvinje, hivyo ndivyo vya jikoni. Tusidanganyane kuhusu joto la kuni. Kilo moja ya kuni kavu, ya mti mgumu au mlaini, hutoa joto linalokaribiana. Mama anayebeba kilo 20 kichwani hapati moto mkubwa zaidi kwa kuwa kuni zake ni ngumu. Anachopata ni makaa yanayodumu, asichochee kila mara. Anayefaidi zaidi ni yule anayenunua kwa rundo, maana rundo la mti mgumu lina kilo nyingi.

Kinachomwibia mama ni maji. Kuni mbichi huweza kuwa maji karibu nusu ya uzito wake: anayabeba kichwani, kisha moto unahangaika kuyakausha kabla ya kupika, na moshi wake anauvuta yeye na mtoto aliye mgongoni. Ndiyo sababu nasisitiza kuni zichanjwe mapema, gogo lingali bichi, kwa shoka na kabari, kwani mkwaju ukishakauka hukataa kabari. Zipangwe juu ya magogo mawili zisiguse ardhi, zifunikwe juu tu, ubavuni upepo upite. Mti mgumu hukauka polepole. Upeni kiangazi kizima, na vipande vinene vingoje cha pili. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio mzito uliozibwa.

Wakataji nao wajihadhari. Mti uliong'oka na mizizi, shina likikatwa, kisiki chake huweza kurudi shimoni ghafla na kumkandamiza aliyesimama nyuma yake. Watoto hupenda kucheza kwenye shimo hilo. Waondolewe kwanza, ndipo msumeno uwekwe.